Upe Mwezi Mgongo

Ukimwambia mtu kwamba unakwenda kupiga picha za mbalamwezi, atadhani unakwenda kuupiga mwezi. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo kwa karibu mwaka mzima. Nilisimama ufukweni mara nyingi, nikauelekezea mwezi lenzi, nikarudi nyumbani na kidonge cheupe kilichoungua katikati ya weusi mtupu. Kilichonifungua macho ni usiku mmoja wa mwezi kumi na nne kule Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Maji yalikuwa yamekupwa sana. Nikakunja suruali, nikayafuata polepole, nikipita kando ya mashamba ya mwani ambayo vijiti vyake vilisimama safu kwa safu kwenye mchanga uliolowa. Nilipogeuka kuangalia nimefika umbali gani, nikaganda. Kijiji chote kilikuwa mbele yangu, minazi na mapaa, ngalawa zilizolala ubavu, vidimbwi vinavyomeremeta hadi miguuni pangu. Kivuli changu kilikuwa kirefu kunizidi, kimelala mchangani kikielekea nchi kavu.

Tangu usiku ule, kila anayeniuliza aanzie wapi namwambia neno moja: upe mwezi mgongo. Picha pana ya usiku ni picha ya kile ambacho mwezi unakimulika. Uache uwe nyuma ya bega lako la kulia au la kushoto. Ukiuweka nyuma ya kisogo kabisa, vivuli vyote hujificha nyuma ya vitu vyake, mandhari inakuwa bapa, na kivuli chako na cha kamera vinaingia kwenye picha. Ukiwa begani, kila mnazi unapata upande wenye nuru na upande wenye kiza, na macho yanaona umbo.

Wanaong'ang'ania kuutia mwezi wenyewe ndani ya picha siwakatazi, ila wafanye hivyo wakati wa magharibi, kabla giza halijaingia. Siku ya mwezi mpevu, au jana yake, mwezi huwa umeshachomoza ilhali nchi bado ina mwanga wa jua, na tofauti kati ya mbingu na ardhi inakuwa ndogo kiasi cha kamera kuimudu. Ile picha mashuhuri ya Mmarekani Ansel Adams ya mwaka 1941, mwezi juu ya makaburi ya kijiji cha Hernandez huko New Mexico, ilipigwa wakati jua la mwisho lingali linagusa misalaba. Usiku ukishatanda ni kazi nyingine, na ndiyo ninayoizungumzia hapa.

Kazi hiyo inaanza na kalenda. Watu wa pwani wana faida kubwa kuliko mpiga picha wa mahali pengine popote, kwa sababu mwezi wanaujua kwa tarehe. Wanaofunga zile siku nyeupe, tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, wanajua kwamba weupe huo ni wa usiku wake. Mvuvi anajua kwamba mwezi ukiwa mpevu kuna bamvua, maji hujaa na kupwa sana, na ukiwa nusu kuna maji mafu. Hata wavuvi wa dagaa, baharini na katika Ziwa Viktoria, hupumzika mwezi ukiwa mkubwa, kwani taa zao hazivuti samaki maji yakishakuwa na nuru. Kwa mpiga picha hizo ni habari mbili njema: upeo wa macho hauna taa za kuchoma picha, na vyombo viko ufukweni vimetulia.

Basi shika hesabu hizi. Mwezi mpevu huchomoza jua linapotua. Kila siku inayofuata huchelewa kwa kama dakika 50. Mwezi nusu unaokua huwa utosini jua likizama, kisha hushuka magharibi hadi kutua karibu na saa sita usiku. Kwa hiyo ukitaka nuru inayotoka magharibi saa tatu au saa nne za usiku, huo ndio mwezi wako. Nusu ile ya mwisho, inayopungua, huchomoza karibu na saa sita za usiku na kukupa nuru ya mashariki hadi alfajiri. Ukijua mahali pako panatazama wapi, unachagua tarehe kama fundi anavyochagua upande wa kuweka dirisha.

Sisi tulio karibu na ikweta tuna tatizo letu. Katikati ya usiku mwezi mpevu hufika karibu na utosi, vivuli vinakuwa vifupi na mandhari inapauka, kama mchana wa saa saba unavyopauka. Vitabu vingi vya upigaji picha vimeandikwa na watu wa nchi za mbali kaskazini, ambako mwezi wa kiangazi hutambaa chini usiku kucha, kwa hiyo havikuonyi. Nuru yetu nzuri iko kwenye saa tatu za kwanza baada ya mwezi kupanda na saa tatu za mwisho kabla haujatua. Mwezi husogea kama nyuzi 15 kwa saa. Ukichomoza saa kumi na mbili na nusu jioni, saa mbili na nusu uko kwenye kama nyuzi 30, na hapo mti hutupa kivuli karibu mara mbili ya urefu wake. Muda huo ni wa dhahabu, uwe umeshafika na tripodi yako imeshasimama.

Jambiani na jirani yake Paje zina bahati ya pekee. Kwenye bamvua la Zanzibar maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa nne na nusu, asubuhi na usiku, na hujaa karibu na saa kumi, jioni na alfajiri. Maana yake ni kwamba saa ileile mwezi uko mashariki, juu ya bahari, sakafu ya bahari nayo iko wazi na unaweza kuisimamia. Unaingia, unageuka, unaitazama nchi, na mwezi uko nyuma yako. Bamvua hufika ukali wake siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu, kwa hiyo usiku wa pili na wa tatu nao ni mzuri, ingawa mwezi unachelewa kidogo kupanda.

Lakini usiende kienyeji. Usiku ule wa kwanza mzee mmoja alinikuta narudi, akaniuliza kwa upole tu, "Mwanangu, unajua maji yanarudi saa ngapi?" Sikujua. Akanionyesha kwa mkono mkondo niliouvuka nikienda ukiwa kifundo cha mguu, ambao sasa ulikuwa umefika gotini. Maji hayarudi kama zulia linalokunjuliwa kutoka mwambani. Hupita kwanza kwenye mikondo, na baadhi ya mikondo iko kati yako na nchi kavu, hivyo unaweza kuzungukwa ukiwa bado umesimama pakavu. Pata saa za maji za siku ile, weka kengele kwenye simu, na maji yakigeuka anza kurudi hata kama picha bora ndiyo imebaki. Vaa viatu vinavyofunika mguu, kwani kuna viumbe wenye miiba kwenye vidimbwi. Usikanyage kamba za mwani wala usining'inize mkoba kwenye vijiti. Ni shamba la mtu, mara nyingi la mama anayesomesha watoto kwa hilo. Nenda na mwenyeji, na mwarifu sheha mapema kwamba usiku kutakuwa na mtu mwenye tochi huko nje. Bara, mwarifu mwenyekiti wa kijiji.

Sasa kamera. Mwezi mpevu unatoa nuru pungufu kuliko jua kwa kama mara 400,000, kwa hiyo hakuna mkono wa binadamu utakaoishika kamera ikatulia vya kutosha. Tripodi ni lazima, na mchangani ikandamize miguu yake mpaka igome kuzama. Weka kamera kwenye M, ISO 800, tundu la lenzi f/4, sekunde 15, upige picha ya kwanza. Mwezi ukiwa bado chini, fungua hadi f/2.8. Mwezi nusu hautoi nusu ya nuru ya mwezi mpevu kama wengi wanavyodhani. Unatoa kama sehemu moja ya kumi, kwa sababu nuru ya jua huupiga ubavuni na mabonde yake yamejaa vivuli. Kwa mwezi huo panda hadi ISO 3200 na f/2.8, sekunde zilezile 15.

Fokasi ndiyo inayoharibu safari nyingi, maana gizani kamera huhangaika mbele na nyuma bila kushika kitu. Hapa mwezi unastahili kutazamwa mara moja. Ielekeze kamera kwake, acha fokasi yenyewe iushike, kisha hamisha lenzi kwenye fokasi ya mkono na ubandike kipande cha selotepu juu ya pete isisogee. Mwezi uko mbali kiasi kwamba fokasi iliyoushika inashika pia kijiji na milima. Halafu ugeukie mandhari yako.

Zima vitu viwili. Kwanza kile kidhibiti mtikisiko cha lenzi, maana juu ya tripodi huleta mtikisiko badala ya kuuondoa. Pili ule usafishaji wa chembechembe ambao kamera hufanya baada ya picha ndefu: kila sekunde 15 za kupiga hukugharimu sekunde 15 nyingine za kusubiri, na wakati huo mawingu na nyota havikusubiri. Piga kwa rimoti au taima ya sekunde 2. Hifadhi faili ghafi za RAW.

Jambo moja nililolilipia kwa usiku mzima wa kazi: usiamini kioo cha kamera. Macho yakishazoea giza, kile kioo huonekana king'avu ajabu, unadhani picha imeiva. Asubuhi kwenye kompyuta unakuta weusi. Tazama histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha. Mlima wake uwe umetoka kwenye ukuta wa kushoto na kufika karibu theluthi ya upana. Na tumia tochi ya kichwani yenye taa nyekundu, kwa sababu taa nyeupe ikikupiga machoni mara moja inachukua dakika kama 20 macho yako kurudi kuona vizuri.

Panorama yenyewe, yaani ile picha pana, hujengwa kwa vipande. Simamisha kamera wima, maana ukishaunganisha vipande kwa upana utahitaji urefu wa juu na chini. Lenzi ya milimita 35 kwenye kamera ya fremu kubwa, ikisimama wima, huona nyuzi 38 kwa upana. Vipande vipandane kwa theluthi moja, kwa hiyo unazungusha kama nyuzi 25 kila hatua, na vipande 7 vinatosha nusu duara. Piga picha ya mkono wako mbele ya lenzi kabla ya kipande cha kwanza na baada ya cha mwisho. Wiki mbili baadaye, ukiwa na mafaili 200 ya usiku yanayofanana, utajua panorama inaanzia wapi. Mipangilio yote ibaki ileile tangu kipande cha kwanza hadi cha mwisho, pamoja na rangi, ambayo naiweka kwenye kelvini 4,000. Usirekebishe katikati hata upande mmoja ukionekana mweusi zaidi. Ukibadili, anga itakuwa na mistari kama vitenge vilivyoungwa.

Tripodi iwe sawa kabla ya yote. Wengi wanaisawazisha kamera na kuisahau tripodi, kumbe kamera ikizungushwa juu ya tripodi iliyoinama, upeo wa macho hupanda kilima kisichokuwepo. Hakikisha povu la maji lililo kwenye tripodi limekaa katikati, zungusha duara zima ukilitazama, ndipo uanze.

Halafu kuna kosa ambalo ukiwa kazini huwezi kuliona. Nilikuwa na ngalawa hatua tatu mbele yangu, nzuri kabisa, ubao wake umeshika nuru. Nilipounganisha vipande, mlingoti ulikuwa umevunjika katikati, nusu ya juu imehama kando upana wa kiganja. Chanzo unaweza kukijaribu sasa hivi: nyoosha kidole gumba mbele ya uso, funga jicho moja, kisha zungusha kichwa. Kidole kinahama dhidi ya ukuta, kwa sababu jicho lako halizungukii mahali lilipo, linazungukia shingo. Kamera kwenye tripodi nayo huzungukia tundu la skrubu lililo chini yake, ilhali inaona kwa sehemu iliyo mbele, ndani ya lenzi. Dawa yake ni reli ndogo ya kuisogeza kamera nyuma, mpaka lenzi ndiyo iwe juu ya mhimili. Usawazishe mchana nyumbani: weka fimbo mbili, ya karibu na ya mbali, zifunikane, zungusha kamera, na usogeze reli mpaka zisiachane. Chora alama. Usipokuwa na reli, hakikisha hakuna kitu chochote ndani ya mita 10 za mwanzo, na mambo yatakwenda.

Fanya haraka. Vipande 7 vya sekunde 15, pamoja na muda wa taima na wa kuzungusha, ni kama dakika mbili na nusu, na katika muda huo nyota zimesogea. Programu za kuunganisha husamehe kiasi hicho, ila zikikuta dakika kumi za kusitasita hushindwa kuzilinganisha. Binafsi natumia Hugin, ambayo ni ya bure; Lightroom nayo inafanya kazi nzuri. Chagua umbo la silinda ikiwa picha imezidi nyuzi 120. Mtu akipita na tochi katikati ya kipande, rudia kipande hicho palepale. Wenye simu msikate tamaa: ile panorama ya kuzungusha mkono haifai usiku, lakini simu iliyofungwa kwenye stendi, ikipiga vipande kimoja kimoja kwa mfumo wa usiku, inaweza kukupa picha ya heshima.

Bara nako kuna darasa lake, na hakuna kubwa kuliko Kilimanjaro. Mlima huu una tabia ya kujifunika mchana na kujifunua usiku, kwa hiyo mwenye mbalamwezi huuona kuliko mwenye jua. Uso gani unamulikwa lini, hapo ndipo wengi wanapokosea tarehe. Mwezi mpevu hukaa upande wa mbingu ulio mkabala na jua. Juni, jua likiwa kaskazini, mwezi mpevu hupita kusini. Desemba hupita kaskazini. Aliye Moshi anautazama mlima akielekea kaskazini, kwa hiyo Juni na Julai mwezi unapita mgongoni kwake na kuumulika uso wa kilele cha Kibo anaouona. Ikifika Desemba na Januari zamu inahamia kwa walio kaskazini ya mlima, Loitokitok na Amboseli. Ndani ya hifadhi usizurure usiku. Piga ukiwa kambini.

Kwa mlima, acha lenzi pana nyumbani. Lenzi ya milimita 24 hugeuza mita 5,895 kuwa kichuguu. Chukua ya milimita 50, punguza sekunde ziwe 10 ili nyota zisiburuze mikia, fungua tundu hadi f/2.8, na unganisha vipande 6. Mlima utabaki na ukubwa wake, Kibo na Mawenzi kila mmoja mahali pake, na mashamba ya chini yatakuwa na nafasi. Toka nje ya mji kwanza, kwani taa za Moshi hupaka mawingu rangi ya chungwa. Na tafadhali, ukipata mahali pazuri, weka alama ardhini, andika lenzi uliyotumia, urudi palepale kila mwaka. Barafu ya Kibo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912. Wajukuu wetu watahitaji kuona ilivyong'aa usiku, na wa kuwaonyesha ni sisi tunaoiona leo.

Nyumbani, kwenye kompyuta, kuna mtego wa mwisho. Mbalamwezi ni nuru ya jua iliyogonga mawe ya mwezi ikarudi kwetu. Jicho letu, likiwa na nuru ndogo hivyo, haliwezi kusoma rangi na linaona kila kitu kikiwa na weupe wa kibuluu. Kamera haina udhaifu huo. Ukiiacha itakusanya nuru mpaka majani yawe ya kijani na mchanga uwe wa dhahabu, na utakuwa umetengeneza mchana wenye nyota. Nimeona picha nyingi za namna hii zikisifiwa. Mimi huzionea huruma, kwa sababu mtu alikesha, akatembea majini gizani, kisha akaufuta usiku kwa kidole kimoja. Rudisha mwanga chini. Punguza rangi, hasa kijani. Acha chini ya mikoko na ndani ya baraza kubaki na kiza ambacho jicho linalazimika kukichungulia. Mwonyeshe mtu wa nyumbani bila kumweleza chochote, umuulize ni saa ngapi pale. Akisema asubuhi, rudi kazini.

Ukichapa, karatasi itakuwa nyeusi kuliko kioo. Chapa kwanza utepe mwembamba unaopita kwenye kiza na kwenye nuru, uutundike ukutani sebuleni chini ya taa ya kawaida, uutazame siku mbili. Shina la mnazi likiwa limemezwa na weusi nyuma yake, ongeza mwanga kidogo ndipo uchape nzima. Panorama ya mita moja na nusu inataka karatasi isiyong'aa. Ile ya kung'aa itakuonyesha dirisha la sebule yako. Nakala ya pili ipeleke kwa sheha aliyekuruhusu. Ya kwangu ya Jambiani iko ukutani barazani kwa sheha, na waliokusanyika mbele yake walianza kwa kutafuta mapaa ya nyumba zao, kutoka kushoto kwenda kulia, wakihesabu.